PLAGI YA INJINI YA PAMPU: KUIANGALIA, KUICHAGUA NA KUIBADILI
Somo kwa wakulima wa bustani za kiangazi



Somo hili limeandikwa kwa ajili yako wewe uliyenunua, peke yako au pamoja na wenzako, injini ndogo ya petroli ya kuvutia maji ya bustani. Injini hiyo ni mali kubwa. Ulitoa mazao ya msimu mzima ili kuipata. Tena kazi yake huja wakati ule mbingu zimefungwa na ardhi imekauka, ambapo mche wa kitunguu uliopandikizwa juzi hauna mzizi wa kufika chini penye unyevu. Siku injini itakapokataa kuwaka, mche huo hautakungoja uende mjini na kurudi.

Mara nyingi kinachozuia injini kuwaka ni kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole, nacho huitwa plagi. Mtu asiyeijua plagi huvuta kamba ya kuwashia mpaka mabega yakamwuma, kisha husema injini imekufa. Mwingine hununua plagi mpya kila mwezi, na kumbe kosa liko mahali pengine. Wa tatu huifunga vibaya akaharibu injini yenyewe. Mimi niandikaye maneno haya nalikuwa huyo wa tatu, kama utakavyosoma mbele.

1. PLAGI NI NINI NA YAFANYA KAZI GANI

Ndani ya silinda, mvuke wa petroli na hewa hubanwa na pistoni mpaka nafasi ikawa ndogo sana. Mvuke huo wahitaji cheche ya moto ili uwake, uisukume pistoni chini, na kuuzungusha mhimili wa pampu. Plagi ndiyo iletayo cheche hiyo.

Itazame plagi mkononi. Katikati pana mti wa chuma uliovikwa kauri nyeupe. Nje ya kauri pana gamba la chuma lenye meno ya kufungia. Chini ya gamba hilo pana ncha ya pili, iliyopindwa kama ukucha, ikiielekea ncha ya katikati bila kuigusa. Umeme wenye nguvu ya maelfu ya volti hushuka kwa ncha ya katikati, huruka pengo lililo kati ya ncha mbili, na katika kuruka huko hutoa cheche. Kauri yauzuia umeme usitoroke kabla ya kufika. Kwa hiyo kauri ikipasuka, hata kwa ufa mwembamba kama unywele, umeme hupita njia ya mkato na cheche hupotea.

Jambo hili si geni. Étienne Lenoir aliwasha injini yake ya gesi kwa cheche ya umeme katika mwaka wa 1860, huko Ufaransa. Mwaka wa 1902 Gottlob Honold, fundi katika karakana ya Robert Bosch huko Ujerumani, alitengeneza magneto yenye umeme mkali iliyofanya kazi pamoja na plagi. Injini yako ya leo yafuata njia hiyohiyo: sumaku iliyo katika gurudumu hupita mbele ya koili, na umeme hupatikana bila betri.

Fikiri kazi ilivyo nyingi. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, petroli huwashwa mara 1,800 katika dakika hiyo moja, yaani mara 108,000 kwa saa. Haishangazi basi kwamba ncha za plagi huliwa kidogo kidogo, kama jembe liliwavyo na udongo.

Angalia neno hili: injini ya dizeli haina plagi ya namna hii. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Ikiwa mashine yako ya kusaga ni ya dizeli, usitafute plagi ya cheche ndani yake, wala usimkubali mtu atakayekuuzia.

2. KWANZA HAKIKISHA KWAMBA KOSA NI LA PLAGI

Injini ikikataa kuwaka, usikimbilie spana. Pitia mambo haya kwa taratibu:

(a) Je, petroli imo ndani ya tangi, na bomba lake limefunguliwa? Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika. Imwage mbali na maji na mimea, utie mpya.

(b) Je, swichi imewekwa mahali pa kuwasha? Usicheke. Mtoto apitaye huweza kuizima.

(c) Je, oili yatosha? Injini nyingi ndogo za siku hizi zina kifaa kinachokata cheche oili ikipungua, ili injini isijiue. Injini ikikaa mahali pa mteremko, kando ya mto, oili hukimbilia upande mmoja na kifaa hicho hudhani imepungua. Isimamishe injini mahali pa sawa, pima oili, kisha ujaribu tena. Watu wengi wamenunua plagi bure kwa sababu ya jambo hili tu.

(d) Je, chujio la hewa ni safi? Chujio lililojaa vumbi huinyima injini pumzi.

(e) Je, choki yafungwa injini ikiwa baridi, na kufunguliwa ikiisha kupata joto?

Mambo haya matano yakiwa sawa na injini haijawaka, ndipo utakapoitoa plagi.

3. NAMNA YA KUITOA

Ngoja injini ipoe kabisa. Kichwa cha silinda katika injini hizi ni cha alumini, chuma laini, na meno yake huharibika upesi kikiwa cha moto.

Funga bomba la petroli. Shika kofia ya plagi yenyewe na kuivuta. Usivute waya wake, maana utakatika ndani pasipoonekana. Kisha pangusa na kupuliza vumbi lote lililo kando ya shina la plagi. Ukiacha mchanga hapo, utaingia silindani plagi itakapotoka, na mchanga ndani ya silinda ni sawasawa na mawe katika unga.

Tumia spana ya plagi, ile iliyo kama bomba. Spana ya kawaida huteleza na kuvunja kauri. Legeza kwa nguvu ya polepole, isiyo ya kupiga wala kushtua. Ikiisha kulegea, maliza kwa vidole. Kisha ziba tundu kwa kitambaa safi.

4. KUUSOMA USO WA PLAGI

Tabibu huutazama ulimi wa mgonjwa, naye fundi huitazama ncha ya plagi. Yakupasa kujua alama hizi:

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu, nayo kavu. Injini ni nzima na plagi ni ya kufaa. Pima pengo lake uirudishe.

Masizi meusi makavu, kama ya chungu. Petroli ni nyingi kupita hewa. Tazama chujio la hewa, tazama kama choki iliachwa imefungwa. Huenda pia plagi ni ya baridi mno kwa injini hiyo.

Weusi wenye majimaji ya oili. Oili yapanda ndani ya silinda. Labda uliijaza kupita kipimo. Labda ringi za pistoni zimechakaa. Plagi mpya itawaka siku chache, kisha itachafuka vilevile. Hapa ni kazi ya fundi.

Maji ya petroli bila weusi. Petroli yafika lakini haiwaki: ama cheche hakuna, ama umevuta kamba mara nyingi choki ikiwa imefungwa.

Nyeupe kama chokaa, au yenye vilengelenge. Hii ndiyo alama ya hatari. Injini yapata joto mno. Tazama kama makapi na matope yameziba mapezi ya kupozea, kama petroli yapita kidogo katika kabureta, au kama plagi si ya namna yake. Usiendelee kuitumia hivyo, kwa maana pistoni yenyewe huweza kutoboka.

Ncha iliyoliwa ikawa mviringo, au kauri iliyopasuka. Plagi imemaliza siku zake. Usiisafishe, ibadili.

Plagi yenye masizi tu yaweza kusafishwa kwa brashi ya waya na petroli kidogo, kisha ikaushwe vizuri. Usiikwaruze kauri kwa kisu, wala usiache punje ya mchanga ndani yake.

Ukitaka kujua kama cheche ipo, fanya hivi. Futa petroli yote iliyomwagika, ondoka penye mvuke, na tundu la plagi lizibwe. Rudisha kofia juu ya plagi, uishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, na gamba lake la chuma liguse imara chuma cha injini, mbali na tundu. Washa swichi, mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Cheche nyekundu na dhaifu, au ukosefu wa cheche, jaribu kwa plagi mpya kabla ya kuilaumu koili. Usiishike plagi kwa mkono mtupu, na asikaribie mtu mwenye sigara.

5. KUICHAGUA PLAGI MPYA

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kudhani kwamba plagi yoyote iingiayo ndiyo yenyewe. Yapo mambo manne ya kulinganisha.

La kwanza ni unene wa meno. Injini nyingi za pampu hutumia meno ya milimita 14.

La pili ni urefu wa meno. Plagi ndefu kupita kiasi hufika ndani ikapigwa na pistoni. Iliyo fupi huacha sehemu ya meno ya kichwa wazi. Masizi huganda hapo, na siku utakapotia plagi ya kweli haitaingia.

La tatu ni joto la plagi. Kila plagi hupokea joto na kulipeleka katika kichwa cha silinda. Yenye pua ndefu ya kauri hulishika joto, nayo huitwa plagi ya moto. Yenye pua fupi hulitoa upesi, nayo huitwa plagi ya baridi. Ncha yahitaji joto la digrii 450 za sentigredi, au zaidi kidogo, ili iyachome masizi yake yenyewe. Ikizidi 850 hivi, huwa kama kaa la moto na kuiwasha petroli kabla ya wakati. Kwa hiyo iliyo baridi mno huchafuka, na iliyo moto mno huua injini.

La nne ni herufi na tarakimu zilizoandikwa juu ya kauri. Nitatoa mfano mmoja. Injini ya Honda GX160, iliyoenea sana katika pampu, huagizwa plagi ya NGK BPR6ES. B ni meno ya milimita 14. P ni pua iliyotokeza mbele. R ni kizuizi cha ndani kinachopunguza kelele katika redio. Tarakimu 6 ni kipimo cha joto. E ni urefu wa meno wa milimita 19. S ni namna ya ncha ya katikati.

Angalia sana hapa: watengenezaji hawahesabu joto kwa njia moja. Kwa NGK na Denso, tarakimu ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi; kwa Champion na Bosch, tarakimu ikiwa kubwa plagi ni ya moto zaidi. Basi usilinganishe tarakimu ya kampuni moja na ya nyingine ukadhani umepata. Fuata kitabu cha injini yako. Ikiwa kitabu kimepotea, nenda dukani na plagi ya zamani mfukoni, lakini uulize kwanza kama huyo wa zamani ndiye halali. Yawezekana aliyeuza injini mkono wa pili aliweka chochote.

Tena, plagi za bandia zipo. Herufi zinazofutika kwa kidole, meno yenye makovu, ncha ya juu isiyoelekeana na ya katikati, na bei iliyo nusu ya bei ya maduka yote: hizo ni dalili za kukutahadharisha. Nunua kwa mtu utakayemwona tena kesho.

6. PENGO LA NCHA

Kwa injini niliyoitaja, pengo ni milimita 0.7 hadi 0.8. Kwa injini nyingine, soma kitabu chake. Pengo dogo hutoa cheche nyonge. Pengo kubwa huushinda umeme usiweze kuruka.

Pima kwa fila geji, hata plagi ikiwa mpya, kwa sababu huanguka na kugongwa njiani. Kipande cha kipimo kipite kwa kugusa kidogo pande zote mbili. Ukikosa geji, jani la msumeno wa kukatia chuma lina unene wa karibu milimita 0.6: basi likikataa kupita, pengo ni dogo mno, likipita na kubaki nafasi ndogo, u karibu na kipimo. Hii ni ya dharura tu. Kurekebisha, pinda ncha ya pembeni peke yake. Usiiguse ya katikati, maana kauri itapasuka.

7. KUIFUNGA

Nitakuambia sasa kosa langu mwenyewe.

Kiangazi kimoja, katika bonde la Mto Ruvu, mzee mmoja aliniita kutazama pampu yake. Bustani yake ya vitunguu ilikuwa na siku tisa tangu kupandikizwa. Nilitambua upesi kwamba plagi imekwisha, na nilikuwa na mpya mfukoni. Vijana walisimama wakinitazama, nami nilitaka waone jinsi mtu aliyefundishwa afanyavyo. Nikaitia plagi katika spana, nikaipeleka tunduni, nikaanza kukaza. Ilikwenda kwa ugumu.

Mzee akasema, “Bwana Shamba, mbona yaingia kwa nguvu hivyo?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, kitu kipya ni kigumu sikuzote.”

Haikuwa hivyo. Plagi ilikuwa imeingia upande, nayo ilikuwa ikikata njia mpya katika alumini. Mzunguko mmoja tena, na meno ya kichwa yakasagika. Ilibidi kichwa kifunguliwe na kupelekwa mjini kwa fundi, naye akakitia bushi yenye meno mapya. Siku nne zilipita. Tulichota maji kwa ndoo, mimi pamoja na watu wa nyumba yake, asubuhi na jioni, lakini mikono haishindi jua. Majaruba yaliyo mbali na mto yalikauka. Mzee hakunilaumu kwa neno hata moja, na kimya chake nakikumbuka mpaka leo. Alikuwa ameliona kosa kabla yangu, na mimi sikusikia.

Basi wewe fanya hivi. Hakikisha washa ya plagi ipo. Safisha kalio lake. Ingiza plagi kwa vidole peke yake, bila spana. Ukitaka, chomeka kipande cha mpira wa bomba juu yake kiwe mpini. Plagi ikiingia upande, mpira huo utateleza mkononi kabla meno hayajaharibika. Ikigoma, itoe, uanze upya. Plagi iliyokaa sawa huzunguka kwa vidole mpaka washa iguse kichwa.

Hapo ndipo utakapochukua spana. Plagi mpya, kaza nusu ya mzunguko ili washa ibanwe. Plagi ya zamani inayorudishwa, washa yake imekwisha kubanwa. Kaza sehemu ya nane hadi robo ya mzunguko tu. Usizidishe. Plagi iliyolegea nayo ni mbaya, kwa kuwa hukosa kulitoa joto lake na kuiunguza injini. Mwisho, sukuma kofia mpaka uisikie imeshika.

8. WAKATI WA KUANGALIA NA KUBADILI

Kwa injini ya mfano wetu, plagi hutazamwa kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita, na hubadilishwa kila baada ya saa 300 au mwaka mmoja. Mwenye kuvuta maji saa nne kila siku hufikisha saa 100 kwa siku 25, yaani chini ya mwezi. Kwa hiyo andika saa zako katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kiangazi kuanza, weka plagi moja mpya, iliyopimwa pengo, katika kopo kavu lenye kifuniko, pamoja na spana yake. Ikiwa pampu ni ya kikundi, mtu mmoja na akabidhiwe kopo hilo na daftari. Thamani ya plagi moja ni ndogo sana ukiilinganisha na jaruba moja la vitunguu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo matano ya kuangalia kabla ya kutoa plagi.
2. Plagi nyeupe yenye vilengelenge yakuambia nini?
3. Kwa nini hatulinganishi tarakimu za makampuni mawili?
4. Plagi ikiwa ngumu kuingia, utafanya nini?

Msomee somo hili mwenzako asiyejua kusoma, kisha mwende pamoja kwenye injini ikiwa baridi, mkaitoe plagi na kuirudisha kwa vidole. Tena akikuuliza, “Mbona yaingia kwa nguvu?”, usimjibu. Simama, itoe, uitazame.